Samaki wa Msimu katika Madimbwi ya Bukene: Maisha Yake, Hatari Inayomkabili na Nafasi ya Watumishi wa Afya

Abiria anayeshuka katika kituo cha reli cha Bukene mwezi Februari, mvua zikiwa zimekolea, hukuta nchi iliyogeuka majani na maji. Pande zote mbili za tuta la reli yametanda madimbwi ya rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe hunywa humo, watoto huogelea, na jioni vyura hupiga kelele hadi watu hushindwa kusikilizana. Mtu akichota maji hayo kwa ungo au kipande cha chandarua, huenda akainua samaki asiyezidi urefu wa kidole. Jike lake ni la kijivu, halina la kutazamwa mara mbili. Dume limepakwa wekundu na buluu, mapezi yake yakiwa na pindo kama la kanga. Mwenyeji wa pwani angemdhania ni samaki wa matumbawe aliyepotea njia, ilhali bahari iko karibu kilomita 700 kutoka hapo.

Mtu huyohuyo akirudi Julai atakuta mahali pale pamekauka kabisa. Udongo mweusi umepasuka nyufa za kuingiza mkono mzima, na mkokoteni wa maksai unapita juu yake. Hakuna mto uliounganika na dimbwi lile, wala ziwa ambako samaki wangeweza kukimbilia. Hata hivyo mvua zikirudi mwaka unaofuata, samaki wale huonekana tena. Katika sehemu nyingi za dunia watu wamelieleza jambo hili kwa kusema kwamba samaki hunyesha pamoja na mvua, na kwa asiyejua kilichomo katika tope maelezo hayo si ya kuchekwa.

Wanasayansi humweka samaki huyu katika jenasi iitwayo Nothobranchius. Makala haya yatamwita samaki wa msimu. Aina za jenasi hiyo zinazofahamika zinapita 90, zote za Afrika, na Tanzania ina aina nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Zile za nyanda za kati na magharibi mwa nchi, katika mabonde ya Wembere na Manonga na vijito vinavyomwaga maji Malagarasi, nyingi ni za kundi la Nothobranchius taeniopygus. Bukene, katika Wilaya ya Nzega, imekaa katikati ya nchi hiyo.

Jina hilo la kisayansi lina historia ya misafara ndani yake. Njia kuu iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo na Mgunda Mkali ndipo ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Kutoka hapo tawi moja lilikwenda Ujiji, na jingine likapanda kaskazini kupitia nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma hadi ziwa Nyanza. John Speke alifuata upande huo wa kaskazini mwaka 1858. Kwa wapagazi, mwendo wa siku ulipimwa kwa umbali wa maji kutoka maji, na maji yenyewe mara nyingi yalikuwa madimbwi ya mvua. Mwaka 1891, mtaalamu wa Berlin aitwaye Franz Hilgendorf alimweleza kwa mara ya kwanza Nothobranchius taeniopygus kutokana na samaki waliotoka katika ziwa Chaya, mpakani mwa Ugogo, kwenye njia hiyohiyo. Wapagazi waliokuwa wakichota maji humo bila shaka walikwishawaona samaki hao miaka mingi kabla ya Berlin kupelekewa chupa ya vielelezo.

Siri ya samaki wa msimu imo katika yai lake. Yai hilo lina upana wa milimita moja hivi, na ganda lake ni gumu kuliko la mayai ya samaki wengi. Dume humkumbatia jike kwa pezi la mgongoni, wakajibana chini kwenye tope, na yai moja huachwa humo. Kitendo hicho hurudiwa mara nyingi kila siku, kwa siku zote ambazo jike lingali na nguvu. Dimbwi linapokauka samaki wote wakubwa hufa. Mayai hubaki ardhini, chini ya nyufa, wakati wa jua la Agosti na Septemba, bila maji ya kuonekana kwa macho.

Katika hali hiyo kiinitete kilichomo ndani ya yai kinaweza kusimamisha kukua kwake. Wataalamu wametambua vituo vitatu ambapo husimama: mwanzo kabisa, chembe zikiwa bado zimetawanyika, katikati, umbo la mwili na moyo vikiwa vimeanza kuonekana, na mwisho, mtoto akiwa amekamilika, anangoja maji tu. Matumizi ya nguvu mwilini hushuka sana, hata kiinitete kikaweza kungoja kwa miezi, na mara nyingine kupita mwaka mmoja.

Mayai hayo hayaamki yote kwa pamoja. Ya jike moja, yaliyotagwa siku moja katika tope moja, huweza kugawanyika: mengine yakawa tayari mvua za kwanza zinapodondoka, mengine yakaendelea kulala hadi mvua za baadaye au za mwaka mwingine. Mkulima wa Bukene hahitaji kufafanuliwa sana sababu yake. Mvua ya Novemba hudanganya. Hunyesha siku tatu, mbegu zikachipua, kisha jua likawaka majuma mawili, na aliyepanda mbegu yake yote siku ya kwanza hubaki na ghala tupu. Mkulima mwenye busara hupanda kwa vipande, na samaki wa msimu amekuwa akifanya vivyo hivyo tangu zamani zisizohesabika.

Maji yanapotulia juu ya tope, mayai yaliyo tayari huanguliwa ndani ya saa chache. Kuanzia hapo mambo huenda mbio. Nchini Msumbiji, watafiti waliofuatilia madimbwi tangu siku ya kujaa kwake walichapisha mwaka 2018 kwamba samaki wa aina iitwayo Nothobranchius furzeri hupevuka na kuanza kuzaa wakiwa na umri wa siku 14 hivi. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kupevuka upesi kiasi hicho. Chakula chao ni vijidudu vinavyoelea majini na viluwiluwi vya wadudu, wakiwamo mbu. Wao nao huliwa na yangeyange, korongo, mdiria na wadudu wakubwa wa majini. Madume hulipia rangi zao kwa kuonekana upesi na ndege, ndiyo maana katika madimbwi mengi majike huwa wengi kuliko madume.

Maisha haya yote hutegemea udongo wa namna moja. Wenyeji wa Usukuma na Unyamwezi huita udongo mweusi wa bondeni mbuga, na hujua vema tofauti yake na luseni, ule wa mchanga wa mteremkoni. Udongo wa mbuga huvimba unapolowa na kuziba, maji yakakaa juu yake kwa miezi. Ukikauka hupasuka, lakini ndani huhifadhi unyevu kidogo unaotosha yai. Dimbwi lililokaa juu ya mchanga, hata likiwa kubwa na zuri kwa macho, kwa kawaida halina samaki hawa. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kutembea madimbwi kumi bila kuwaona, akawakuta kwa mamia katika la kumi na moja.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wao, na kumlinganisha na samaki wa matumbawe kunasaidia kuuona. Changu wa mwambani hutaga mayai ambayo, pamoja na watoto wake, huchukuliwa na mikondo ya bahari kwa siku na hata majuma. Mwamba ulioharibiwa unaweza kupata samaki wapya kutoka mwamba jirani, iwapo jirani huyo amehifadhiwa. Ndiyo faida mojawapo ya maeneo kama Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na kisiwa cha Chumbe huko Unguja. Samaki wa msimu hana mkondo wa kumchukua. Mafuriko makubwa huweza kuunganisha madimbwi mawili ya bonde moja, na inadhaniwa kwamba tope lililoganda miguuni mwa wanyama wakubwa limewahi kusafirisha mayai. Zaidi ya hapo, kila dimbwi ni kisiwa. Aina nyingine nzima zinajulikana kutoka sehemu chache tu zinazoweza kuzungukwa kwa baiskeli kwa siku moja.

Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia (IUCN) hupima hali ya kila aina ya kiumbe na kuiandika katika Orodha Nyekundu. Tathmini za jenasi hii zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya aina zake ziko katika madaraja ya hatari ya kutoweka. Kiwango hicho ni kikubwa kwa kundi lolote la samaki, na sababu zake si za ajabu. Madimbwi hufukiwa yanapopita barabara na makazi. Hugeuzwa mashamba ya mpunga. Huchimbwa kuwa malambo ya kudumu, yakapandikizwa perege. Jambo hili la mwisho huwashangaza watu, kwa kuwa lambo lina maji mengi zaidi. Lakini mayai ya samaki wa msimu yanahitaji kiangazi ili yakue, na maji ya kudumu huleta samaki wakubwa wanaowala watoto wake. Kumpa samaki huyu maji mwaka mzima ni kumwua.

Si kila kazi ya binadamu imemdhuru. Mashimo yaliyochimbwa udongo wa kujengea tuta la reli ya Tabora na Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, na yale yaliyochimbwa kando ya barabara, hushika maji ya mvua vizuri kama mbuga zenyewe. Mashimo ya namna hiyo yamekuwa makazi ya samaki wa msimu sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Majaluba ya mpunga nayo, yanayokauka baada ya mavuno, huenda yakawafaa iwapo hayamwagiwi sumu. Ujenzi wa tuta jipya hufukia dimbwi moja na kuchimba jingine. Kinachobaki kuulizwa ni kama jipya limechimbwa karibu vya kutosha na la zamani, na kama tope la zamani limepata njia ya kufika huko.

Yote haya yangeweza kuachiwa wataalamu wa samaki, kama dimbwi lilelile lisingekuwa pia mlango wa maradhi. Mtumishi wa zahanati anayeangalia dimbwi la Februari huona malaria na kichocho kabla ya kuona samaki, na ana haki ya kuona hivyo. Mbu wa jamii ya Anofelesi hupenda maji ya mvua yaliyotuama juani, na kutoka yai hadi mbu kamili huchukua majuma mawili au pungufu. Katika mikoa ya magharibi na ya kanda ya ziwa, konokono wa jenasi ya Bulinus, anayebeba vimelea vya kichocho cha mkojo, naye ana uwezo wa kulala ndani ya udongo mkavu na kuamka mvua zikirudi. Mtoto anayeoga dimbwini mwezi Machi anaweza kuanza kukojoa damu miezi michache baadaye. Mwindaji wa mbu, mbeba vimelea na mtoto wa binadamu wanakutana katika maji yaleyale.

Je, samaki wa msimu anaweza kuachiwa kazi ya kupambana na mbu? Swali hili limefanyiwa majaribio, na samaki wa Unguja, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1893, ni mmoja wa waliopimwa. Viluwiluwi huliwa kweli, tena kwa wingi. Wazo la kuwa na samaki anayeweza kusafirishwa akiwa yai ndani ya tope lenye unyevu na kuwekwa mahali ambapo samaki wengine wasingeishi lina mvuto wake. Lakini majibu yaliyo salama kwa wagonjwa ni ya kiasi. Siku za kwanza baada ya mvua watoto wa samaki ni wadogo mno, na mbu hawangoji wakue. Isitoshe, mbu wa malaria hutumia hata kwato za ng'ombe zilizojaa maji, mahali ambapo samaki hawezi kuwapo. Samaki huyu hupunguza viluwiluwi katika dimbwi lake, basi. Hachukui nafasi ya chandarua, ya kipimo cha haraka cha malaria wala ya dawa mseto.

Somo la samaki wa kigeni lipaswa kukumbukwa hapa. Katika karne ya 20 samaki mdogo wa Marekani aitwaye Gambusia alisambazwa katika nchi nyingi ili ale mbu. Leo yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani, kwa kuwa alikula pia mayai na watoto wa samaki wenyeji na wa vyura. Halmashauri au mfadhili akija na samaki wa ndoo wa kumwaga madimbwini, jambo la kwanza la kuuliza ni nani anaishi humo tayari.

Kemikali ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, na hapo mtumishi wa afya ana sauti ambayo mtaalamu wa samaki hana. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, vinavyotumika katika vyandarua na katika mashamba ya pamba, vina madhara madogo kwa binadamu vikitumiwa inavyotakiwa, lakini ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Chandarua chenye dawa kifuliwe katika beseni na maji yake yamwagwe mbali na chanzo cha maji; kisifuliwe dimbwini, wala kisigeuzwe wavu wa kuvulia. Bomba la kupulizia pamba lisisuuzwe humo. Nayo desturi ya kumwaga oili chafu juu ya maji ili kuziba pumzi ya viluwiluwi huua karibu kila kitu kilichomo, na huharibu maji ambayo mifugo inayanywa.

Kwa viluwiluwi, ipo njia nyingine. Kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, kilichojengwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Kuba na kuzinduliwa mwaka 2015, hutengeneza viuadudu vya kibayolojia kutokana na bakteria. Mmoja wao ni Bacillus thuringiensis israelensis. Sumu ya bakteria hao huamshwa ndani ya tumbo la kiluwiluwi cha mbu na cha baadhi ya jamaa zake wa karibu, na kwa kipimo kinachotakiwa haimdhuru samaki, ng'ombe wala binadamu. Ina udhaifu wake: lazima irudiwe mara kwa mara katika msimu wa mvua, na madimbwi ya Bukene hayahesabiki. Bado, mahali ambapo dimbwi liko karibu na nyumba na limethibitika kuwa na viluwiluwi vya Anofelesi, ni afadhali sana kuliko oili.

Kichocho ni kigumu zaidi. Dawa ya kuua konokono iitwayo niklosamidi, ambayo Shirika la Afya Duniani linaitambua, huua pia samaki. Yako mazingira ambamo kuitumia ni uamuzi sahihi, kwa sababu figo na kibofu cha mtoto vina thamani kuliko dimbwi zima la samaki. Lakini uamuzi huo ufanywe kwa kuchagua: pale watoto wanapoingia majini na konokono wenye vimelea wamepatikana, badala ya kunyunyiza bonde zima kwa sababu dawa imeletwa na lazima iishe. Dawa ya prazikwanteli kwa watoto wa shule, choo kinachotumika, na kisima kinachowaondolea watu haja ya kwenda dimbwini hupunguza kichocho bila kumgusa samaki hata mmoja.

Upande mwingine wa habari hii unatoka mbali na Bukene. Mwaka 1971 R. A. Jubb alieleza aina mpya iliyokusanywa Gonarezhou, Zimbabwe ya leo, akaiita Nothobranchius furzeri. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani waliitunza kizazi baada ya kizazi, wakipelekeana mayai kwa posta ndani ya mboji yenye unyevu. Mwaka 2003 Stefano Valdesalici na Alessandro Cellerino walionyesha kwamba samaki wa ukoo huo huzeeka na kufa ndani ya miezi michache hata wakitunzwa vizuri, maji yasikauke na chakula kisikosekane. Kwa mtafiti wa uzee hiyo ilikuwa habari kubwa. Panya wa maabara huishi miaka miwili hadi mitatu, na kungoja wazeeke ni ghali. Samaki huyu huzeeka kabla ruzuku ya utafiti haijaisha.

Tena anazeeka kwa namna inayofahamika kwa daktari yeyote. Rangi hufifia, uti wa mgongo hupinda, misuli hupungua, uwezo wa kujifunza hushuka, kidonda cha pezi huchelewa kupona, na uvimbe wa saratani huonekana katika ini. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalichapisha jenomu yake kamili. Mwaka 2017 watafiti huko Cologne, Ujerumani, walionyesha kwamba samaki wa makamo waliopewa bakteria wa utumbo wa samaki vijana waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2020 kundi jingine lilieleza jinsi jeni fulani zinavyodhibitiwa ili kulinda misuli ya kiinitete kinacholala, ambacho kinaweza kukaa muda mrefu kuliko maisha yote ya samaki mkubwa bila kuonyesha kwamba kimezeeka. Swali la jinsi kiungo kinavyoweza kusimama bila kuharibika linawahusu wagonjwa wa moyo, wa kiharusi, na wanaongoja viungo vya kupandikizwa.

Hapa yafaa kuweka mpaka bayana. Hakuna dawa ya kurefusha maisha ya binadamu iliyopatikana kwa samaki huyu. Kumla, kumkausha na kumsaga, au kunywa maji ya dimbwi lake hakutibu lolote, na maji hayo yanaweza kumpa mtu kuhara, homa ya matumbo au minyoo. Atakayesikia sokoni kwamba yuko samaki wa Bukene anayeondoa uzee ajue kwamba anauziwa maneno. Thamani yake iko maabara, na huko inategemea kuwapo kwa jamaa zake porini, kwa sababu aina mbalimbali huishi muda tofauti kulingana na mvua za kwao. Za nchi kame zaidi huelekea kuzeeka upesi kuliko za nchi yenye mvua nyingi. Ni tofauti hiyo inayowawezesha watafiti kuuliza ni jeni zipi zinazoharakisha uzee na zipi zinazouchelewesha. Kila dimbwi linalopotea pamoja na aina yake hupunguza sehemu ya swali hilo, na kulirudisha hakuwezekani.

Mkoa una eneo kubwa la ardhioevu lililotambuliwa kimataifa, Malagarasi–Muyovozi, lililoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000 na kuwa la kwanza nchini Tanzania. Linalinda mambo makubwa: korongo nyangumi, sitatunga, mito na mabwawa. Dimbwi la mita arobaini nyuma ya kituo cha reli halimo ndani yake, wala halimo katika ramani yoyote. Anayelijua ni mchungaji, mfyatua matofali, mtoto wa shule, na afisa afya wa kata anayepita na bakuli lake la kuchotea viluwiluwi.

Bakuli hilo lina manufaa zaidi ya moja. Afisa anayehesabu viluwiluwi hukosa jambo dogo tu kuandika pia kama kuna samaki waliomo, dume wa rangi gani, na dimbwi lilikauka mwezi upi. Picha ya simu yenye tarehe na jina la kitongoji inatosha kumpa mtaalamu mahali pa kuanzia. Kwa mfyatua matofali, ambaye Julai huchimba tope hilohilo lililojaa mayai, ombi ni la kawaida: achimbe upande mmoja na kuacha mwingine, na shimo jipya alichimbe ukingoni mwa dimbwi la zamani, mvua zikija maji yaungane. Kazi hiyo hufanyika baada ya mavuno, wakati ambapo mayai yamelala shubiri moja au chini yake, na watoto wanacheza mpira juu yake.